Wino mweusi wa printa: rangi ya kuyeyuka, pigimenti, au vyote viwili? Majaribio yanapogoma na sababu zake

Lebo ya chupa ikisema wino mweusi ni wa pigimenti, kwa kawaida pigimenti imo. Swali ni nini kingine kimo. Kaboni tupu, ambayo ndiyo pigimenti nyeusi ya kawaida, huchapa weusi wenye ukahawia, na wateja wengi wa picha za nyeusi na nyeupe wanataka kijivu baridi. Kwa hiyo mtengenezaji huongeza bluu na majenta kidogo ili kuuficha ule ukahawia. Akiongeza pigimenti za rangi, picha itadumu. Akiongeza rangi ya kuyeyuka, ambayo ni rahisi na haimsumbui na mashapo, picha itapendeza siku ya kuichukua, kisha ukutani majenta ikififia itaingia ukijani, na bluu ikififia itaingia wekundu.

Rangi ya kuyeyuka imeyeyuka kabisa majini kama chumvi. Pigimenti ni chembe ngumu, nyingi zikiwa za nanomita 50 hadi 200, zinazoelea tu. Majaribio yote yaliyo hapa chini yanategemea tofauti hiyo, au tofauti za kemia kati ya kaboni na rangi nyingine. Hakuna jaribio moja linalotosha. Tumia angalau mawili yasiyofanana: moja linalopima chembe na jingine linalopima kemia. Kila mara weka kando wino unaoujua. Kwa rangi ya kuyeyuka tumia nyeusi halisi ya Epson 664. Kwa pigimenti tumia nyeusi halisi ya HP GT51 au ya Canon GI-490. Bila hizo mbili, jibu lolote utakalopata ni la kubahatisha.

Vifaa

Nunua maji ya betri kwenye kituo cha petroli, yale ya kuongezea, si asidi. Chupa zinafanana, kwa hiyo soma lebo mara mbili. Maji ya kisima cha kuchimba, yanayotumika kwenye fleti nyingi za Nairobi, yana madini yanayoweza kugandisha pigimenti kabla hujaanza kazi. Ongeza hapo sirinji ya ml 1 kutoka duka la dawa, chupa ndogo za kioo zenye vifuniko, karatasi ya kuchujia ya maabara ya shule (au ya kahawa), penseli, shabu, chumvi, jiki na tochi ya leza. Glavu ni lazima, maana wino wa kaboni ukiingia chini ya kucha utakaa nao siku kadhaa.

Onyo moja: shabu na siki zote ni asidi, na jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Usiziweke kwenye chupa moja, wala usimwage mabaki yake pamoja kwenye sinki. Fungua dirisha.

Jibu linabadilika kila ukirudia jaribio

Kosa huwa liko kwenye sampuli. Chupa ya pigimenti iliyokaa kwenye rafu miezi mingi huwa na mashapo chini, na ukivuta wino wa juu kwa sirinji umechukua maji, gliserini na rangi ya kuyeyuka, huku pigimenti ikibaki chini. Wino huo huo utaonekana wa kuyeyuka leo na wa pigimenti kesho. Geuza chupa juu chini polepole mara thelathini hivi, iache dakika tano povu litulie, kisha vuta sampuli katikati. Usiitikise kwa nguvu, kwa sababu povu hudanganya kipimo cha sirinji.

Kinyume chake si kweli: chupa kukosa mashapo baada ya kulala usiku mmoja hakuthibitishi chochote. Chembe ya kaboni ya nanomita 100 hushuka majini chini ya nusu milimita kwa siku, tena mwendo wa molekuli za maji unairudisha juu. Wino mzuri wa pigimenti umetengenezwa usitulie.

Wino unapita wote kwenye karatasi ya kuchujia

Wengi wakiona hivyo husema, "Hii ni rangi ya kuyeyuka." Si lazima. Karatasi ya Whatman namba 1 ina matundu ya takriban mikromita 11, na chembe ya pigimenti ni ndogo mara mia. Hata chujio la sirinji la mikromita 0.22, linalotumika kuondoa bakteria, huruhusu sehemu kubwa ya chembe hizo zipite. Karatasi ya kuchujia isitumike kuchuja. Itumie kupandisha maji, kama ifuatavyo.

Kata kipande cha sentimita 2 kwa 12. Chora mstari wa penseli sentimita 2 kutoka chini. Kalamu ya wino isitumike kwa sababu mstari wenyewe utapanda. Kwa kijiti cha meno weka tone la milimita 2 juu ya mstari. Liache likauke saa 24. Kisha simamisha kipande kwenye glasi yenye maji ya kina cha sentimita 1 na usubiri maji yapande hadi karibu na juu, yaani dakika 20 hadi 30.

Kaboni iliyokauka hubaki kwenye mstari. Rangi ya kuyeyuka hupanda, na nyeusi ya kuyeyuka mara nyingi hugawanyika iwe bluu, zambarau, rangi ya chungwa au manjano. Ukiona doa jeusi lililokwama na juu yake mkia wa bluu au waridi, huo ni mchanganyiko.

Kwenye karatasi hiyo, hata pigimenti unayoijua inapanda

Tone halikukauka, au lilikuwa kubwa. Chembe zikiwa bado na maji husafiri nayo, na tone nene huacha wino wa juu bila kushikana na nyuzi za karatasi. Msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti ongeza muda wa kukausha, kwa maana gliserini hushika unyevu wa hewa na tone linaloonekana kavu huenda likawa bado linateleza. Ukilipitishia hewa ya moto ya kukaushia nywele kwa dakika kumi utasaidika.

Kuna tatizo la upande wa pili pia. Baadhi ya rangi nyeusi za kuyeyuka zimetengenezwa zisisogezwe na maji zikishakauka, nazo hukwama kwenye mstari kama kaboni. Rudia kipande kingine ukitumia mchanganyiko wa nusu maji na nusu spiriti ya dawa. Kaboni itabaki, na nyingi ya rangi hizo zitaanza kutambaa. Kama bado una shaka, nenda kwenye jaribio la jiki au la kamera ya usiku, hapa chini.

Jiki haifanyi kitu

Weka ml 0.1 ya wino kwenye ml 8.9 za maji ya betri, changanya, ongeza ml 1 ya jiki. Chupa ya pili ipate ml 1 ya maji badala ya jiki ili uwe na ya kulinganisha. Rangi nyeusi ya kuyeyuka huanza kugeuka kahawia, kisha manjano, na mara nyingi hukaribia maji meupe ndani ya saa kadhaa. Kaboni haiguswi na klorini.

Kama hata Epson 664 imebaki nyeusi, shida ni jiki. Klorini yake hupungua kwa joto, mwanga na umri. Chupa iliyokaa kwenye dirisha la duka tangu mwaka jana haina nguvu iliyoandikwa kwenye lebo. Nunua mpya, na iwe ile ya kawaida ya nguo nyeupe. Ile ya nguo za rangi haina klorini na haifai hapa.

Ikiwa 664 imefifia na wino wako haujabadilika, usikimbilie kuandika "kaboni tupu". Pigimenti za rangi huvumilia jiki, na rangi fulani za bluu za kuyeyuka hukawia kufifia. Acha chupa hadi kesho yake.

Ikiwa wino umebadilika kutoka weusi wa kibuluu kuwa weusi wa kikahawia na ukaishia hapo, umeona mchanganyiko ukifunguka: rangi ya kuyeyuka imeliwa na kaboni imebaki. Tazama pia chini ya chupa. Jiki ina chumvi, na chumvi hugandisha pigimenti. Vumbi jeusi lililotulia chini na maji ya juu yasiyo na rangi ni jibu zuri kuliko yote jaribio hili linaweza kutoa.

Shabu inaangusha kila kitu

Yeyusha g 2 za shabu iliyosagwa kwenye ml 100 za maji ya betri. Chukua ml 0.1 ya wino, ml 8.9 za maji na ml 1 ya maji ya shabu. Alumini huondoa msukumano unaozitenganisha chembe, zinashikana na kushuka. Kwa wino wa HP au Canon uliotajwa juu, madonge huonekana mapema na kufikia asubuhi maji ya juu huwa yamekaribia kuwa meupe.

Tatizo la shabu ni kwamba inashikana pia na baadhi ya rangi za kuyeyuka na kuziangusha. Watia nguo rangi wameitumia kwa kazi hiyo hiyo ya kushikisha rangi tangu zamani. Kwa hiyo 664 yako ikianza nayo kuangusha utando wa rangi, punguza dozi hadi ml 0.2, au badilisha utumie g 1 ya chumvi kwenye ml 10 za wino uliokwisha kupunguzwa nguvu. Chumvi ya mezani ina unga wa kuzuia isishikane, unaotia maji ukungu. Iyeyushe kando, iache itulie, utumie maji ya juu.

Utando wa rangi na mashapo ya pigimenti havifanani. Chota kidogo kwa sirinji, weka kwenye kioo na ukague kwa lenzi. Kaboni hugandana kama punje nyeusi zenye kingo kali na maji ya katikati yake ni safi. Utando wa rangi ni laini, una rangi yake dhahiri, na ukiongeza maji mengi mara nyingi hulegea tena.

Shabu haiangushi chochote, na karatasi inasema ni pigimenti

Baadhi ya wino za picha zina chembe zilizofunikwa kwa resini ili zishikane na karatasi ya kung'aa, na hizo hazijali chumvi kidogo. Ongeza shabu hadi ml 2 na subiri siku mbili. Zikikataa tena, nenda kwa sentrifuji, ile mashine inayozungusha chupa za damu kwenye maabara za hospitali, ukipata mtu wa kukuachia.

Hapo nako watu hukosea muda. Kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, chembe ya nanomita 100 inahitaji karibu saa mbili kushuka sentimita 5, kwa hiyo dakika kumi zitakuachia wino mweusi juu na utadhani ni rangi ya kuyeyuka. Mashine ndogo ya mizunguko 13,000 hufanya kazi hiyo kwa dakika 30, hata kwa chembe ndogo zaidi. Zungusha wino uliopunguzwa mara mia, si mzito, kwa sababu gliserini hufanya chembe zishuke polepole.

Mwale wa leza unaonekana hata kwenye maji matupu

Tone moja la wino kwenye lita moja ya maji, chumba chenye giza, leza ikipita ubavuni. Pigimenti hutawanya mwanga na mwale huonekana kama uzi. Rangi ya kuyeyuka haionyeshi uzi. Lakini maji yenye vumbi huonyesha uzi yenyewe, kwa hiyo kwanza piga leza kwenye maji bila wino. Na jaribio hili halitambui mchanganyiko: chembe kidogo tu zitawasha mwale. Lina faida ya haraka, basi.

Kamera ya usiku

Hili ndilo jaribio linalotoa jibu kwa sekunde, na vifaa vyake vimejaa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi. Kaboni hunyonya mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho. Rangi nyingi nyeusi za kuyeyuka haziunyonyi, kwa hiyo mbele ya infraredi hutoweka. Chukua kamera ya CCTV yenye taa za infraredi, iweke mita moja kutoka kwenye karatasi, zima taa za chumba hadi kamera ihamie hali ya usiku.

Bandika pamoja ukurasa wa gazeti, tuseme *Taifa Leo*, maandishi ya penseli, mpako wa 664 na mpako wa wino wako. Wino mweusi wa gazeti na penseli, zote za kaboni, zitabaki nyeusi. Mpako wa 664 utafifia uwe kama karatasi tupu au kijivu hafifu sana. Wino wako utasimama mahali fulani kati ya hizo.

*Kila kitu kinabaki cheusi, hata 664.* Kamera haijaingia hali ya usiku, au ni ile ya kisasa inayowasha taa nyeupe ili ionyeshe rangi usiku. Hiyo haifai. Unahitaji ile ambayo taa zake huonekana zikiwaka wekundu hafifu gizani.

*Wino unatoweka, lakini shabu na karatasi zote zinasema ni pigimenti.* Weusi wake umetengenezwa kwa pigimenti za rangi zilizochanganywa bila kaboni. Utadumu kuliko rangi ya kuyeyuka, lakini usiuuze kama kaboni.

*Kijivu cha katikati.* Ama ni mchanganyiko, ama ni wino wa kijivu wenye kaboni kidogo kwa asili yake. Linganisha wino mweusi na mweusi, kijivu na kijivu.

Weka wino kwa brashi, usiutoe kwenye printa. Sababu iko mbele kidogo.

Kukadiria kiasi

Ukishajua ni mchanganyiko, chukua maji safi ya juu kutoka kwenye chupa ya shabu iliyotulia, ambamo wino ulipunguzwa mara mia. Tengeneza ngazi ya 664: sehemu 1 kwa 1,000, kwa 2,000, kwa 5,000, kwa 10,000. Panga chupa juu ya karatasi nyeupe, zitazame kutoka juu kwenda chini, tafuta inayolingana. Ikilingana na ya 2,000, gawanya 100 kwa 2,000: rangi ya kuyeyuka iliyomo ina nguvu ya takriban asilimia 5 ya 664.

Namba hiyo isome kama "si chini ya". Kaboni yenyewe hunyonya rangi na kushuka nayo, na shabu huchukua nyingine, kwa hiyo kiasi halisi kinaweza kuwa juu zaidi. Kama maji ya juu ni ya bluu au waridi, hayalingani na ngazi ya nyeusi hata ukihangaika. Tengeneza ngazi ya wino wa rangi hiyo. Kupima uzito baada ya kukausha hakusaidii, kwani gliserini haivukizwi kirahisi na mizani itaendelea kuihesabu pamoja na wino.

Jaribio la dirishani: nusu zote mbili zimebadilika

Paka wino kwenye karatasi ya pamba isiyo na kemikali za kung'arisha, funika nusu kwa foili, bandika kwenye kioo. Nairobi iko karibu na ikweta, mwinuko wa mita 1,700 hivi, na mwanga wa urujuanimno ni mkali. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini, kwa hiyo dirisha zuri Mei ni baya Desemba. La mashariki au magharibi hupata jua mwaka mzima. Julai yenye mawingu haikupi kipimo sawa na Februari. Simamia mpako wa 664 ulio pembeni, usisimamie kalenda.

Kama hata nusu iliyofunikwa imebadilika, mwanga hauna hatia. Rangi ya kuyeyuka kwenye karatasi ya picha yenye vinyweleo huharibiwa na ozoni na gesi nyingine za hewani, na foili isiyobana haizuii hewa. Na kama kilichogeuka manjano ni karatasi yenyewe, ipitishe kwenye taa ya kukagua noti bandia. Karatasi inayong'aa bluu ina king'arisho ambacho huchoka juani, na wino husingiziwa bure.

Wino umepita majaribio yote, picha imefifia

Angalia mpangilio wa printa. Printa nyingi za wino nne, zile zenye nyeusi ya pigimenti na rangi tatu za kuyeyuka kama Canon G na HP za tangi, haziitumii nyeusi hiyo ukichagua karatasi ya picha. Programu huunda weusi kwa kuchanganya rangi tatu, yaani picha ya nyeusi na nyeupe imechapwa yote kwa rangi ya kuyeyuka. Ipeleke mbele ya kamera ya usiku: ikitoweka, ndivyo ilivyo. Chagua karatasi ya kawaida na kijivu, uchape upya kwenye karatasi isiyong'aa, kwa sababu pigimenti ya maandishi haishikani na karatasi ya kung'aa na itafutika kwa kidole.

Kabla ya kumimina chupa mpya kwenye tangi

Changanya ml 1 ya wino wa zamani na ml 1 ya mpya kwenye chupa safi ya kioo, funika, acha saa 48. Inamisha. Ukiona punje au ute unaoburuta ukutani mwa chupa, wino hizo zikikutana ndani ya hedi (kichwa cha printa kinachotema wino) zitaganda kama zilivyoganda hapo. Tangi litolewe lote na mirija isafishwe kwanza.